Kwa Nini Kiatu cha Jazi Chenye Soli ya Vipande Viwili Hakiuzwi kwa Nusu Bei

Lalamiko tunalolipokea mara nyingi kuliko yote dukani kwetu Kariakoo ni kwamba viatu tunavyouza vya kuchezea jazi, mtindo wa dansi, havijakamilika. Hivi karibuni mzazi mmoja alirudisha jozi aliyomnunulia binti yake, akaigeuza juu ya meza na kutuonyesha kwamba soli inaishia kabla ya katikati ya unyayo, kisha inaanza tena kwenye kisigino, na hapo kati pamebaki ngozi tupu. Alikuwa amekwisha kuona kwingine kiatu chenye soli nzima kwa bei ya chini, na aliamini kwa dhati kwamba tumemdhulumu.

Soli hiyo haikukatwa ili kubana gharama. Mcheza jazi hunyoosha mguu mpaka vidole vielekee chini, husimama juu ya sehemu ya mbele ya unyayo, hugeuka kwa mguu mmoja na kutua kutoka hewani, na katika yote hayo kiatu hutakiwa kujikunja chini ya upinde wa unyayo. Pakiachwa bila soli, ngozi huufuata upinde huo na mwalimu huona mara moja kama mguu umenyooka. Kazi hiyo ndiyo inayopandisha bei, kwa kuwa kila kipande hukatwa na kumaliziwa kingo zake peke yake, na ngozi ya juu lazima iwe laini lakini imara, maana hakuna soli ya kuibeba pale katikati. Tena jozi zinazotoka nje hulipiwa ushuru pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 kabla hazijafika kwenye rafu zetu. Bei yetu tunaisimamia.

Hatusemi kwamba soli nzima ni mbaya. Mtoto anayeanza tunamshauri avae hiyo, kwa sababu misuli ya mguu hupata nguvu inapolazimika kuikunja. Binti wa mzazi yule alikuwa amekwisha kuivuka hatua hiyo, na soli ya vipande viwili ilikuwa imeagizwa na mwalimu wake.

Wapo wanaojaribu kukikamilisha kiatu wenyewe. Kijana mmoja alimpelekea fundi wa mtaani jozi yake, na fundi akaliziba pengo kwa kipande cha mpira wa tairi, ule ule wa katambuga, akaubandika kwa gundi kali inayokauka na kuwa ngumu. Kiatu kilipokosa pa kujikunja, kikajikunja penye mshono, na ngozi ikachanika pande zote mbili. Kubandua mpira ule, kukwangua gundi na kushona upya kulimgharimu zaidi ya soli mpya, na alama za kazi ile zimebaki mpaka leo.

Hata hivyo, njia ya mkato inayowaumiza wazazi zaidi ni kununua kiatu kikubwa ili mtoto akue nacho. Kwa namba za Kiingereza, kila namba huongeza takriban milimita 8.5, hivyo anayeongeza namba mbili humwachia mtoto karibu sentimita 1.7 za nafasi tupu mbele ya vidole. Mama mmoja wa Tabata aliijaza nafasi hiyo kwa pamba. Kila mtoto alipotua, ncha ya kiatu ilijikunja chini ya vidole, na kwa kuwa kisigino kilipwaya, alikaza kamba mpaka matundu yake yakachanika. Miguu ilipoifikia namba ile, kiatu kilikuwa kimekwisha, na mama akalazimika kununua jozi nyingine.

Kiatu cha jazi hukaa mguuni kama soksi. Vidole viguse mwisho bila kujikunja, kisigino kisichomoke, na mguu ukinyooshwa ngozi isijikusanye. Ngozi hutanuka kidogo kwa upana na turubai hutanuka pungufu ya ngozi, lakini urefu hauongezeki kiasi cha kuokoa vidole vilivyobanwa, ndiyo maana kiatu kinachoumiza vidole hatukiuzi hata mteja akisisitiza.

Kabla ya kutoa kiatu chochote tunauliza pia mteja anachezea sakafu gani, na wengine huliona swali hilo kuwa la kupoteza muda. Soli ya ngozi ya swedi, ile yenye vinyweleo, hugeuka vizuri juu ya mbao, lakini saruji huila upesi na marumaru yenye vumbi huifanya iteleze. Raba za kukimbilia nazo hushika sakafu mno, mwili ukageuka na mguu ukabaki, na goti ndilo linalobeba mzigo. Kwa kumbi za saruji na marumaru, ambazo ndizo za wateja wetu wengi hapa jijini, tunapendekeza soli ya mpira mwembamba.

Kuhusu mitumba, tahadhari yetu ni moja. Soli za poliurethani, aina ya plastiki, huoza kwa unyevu hata zikikaa bila kuvaliwa, na hewa ya Dar es Salaam huharakisha uozo huo. Tumeletewa jozi iliyong'aa kama mpya ambayo soli zake zilimomonyoka katika mazoezi ya kwanza.

Jozi iliyojaribiwa ndani ya nyumba tunaibadilisha bila malipo. Iliyotembelewa barabarani hatuibadilishi, kwa sababu mchanga huganda kwenye soli na kukwaruza sakafu za kumbi. Tunaomba wateja waje jioni, miguu ikiwa imekwisha kuvimba kidogo kwa joto la mchana, wakiwa na soksi watakazochezea, nasi tutapima miguu yote miwili.