Nimekupimia Njia

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Natumaini bega lako limepoa na usingizi umerudi. Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo imechoka, na sababu yake ndiyo inayonifanya nikuandikie usiku huu.

Unakumbuka safari yetu ya mwisho. Tulifuata vibao vyenye alama ya kiti cha magurudumu mpaka tukakutana na ngazi tatu za zege, hakuna mserereko, hakuna njia ya kuzunguka. Ulinyamaza muda wote wa kurudi, na kimya kile hakijaniacha. Kwa hiyo niliposikia kwamba mji huu mdogo una njia ya kutembea na kuendesha baiskeli "inayopitika na watu wote", sikukualika. Nilitangulia mwenyewe, futi kamba mfukoni, pima maji na ubao wa mita moja nyuma ya baiskeli.

Njia imepita juu ya tuta la reli ya zamani, na hilo lilinipa moyo kabla sijapima chochote. Treni haipendi mlima: gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza. Ndiyo maana wajenzi wa reli walikata vilima na kujaza mabonde, ili njia ipande taratibu kiasi cha jicho kutotambua. Vyuma vimeshang'olewa, lakini tuta bado lipo, na jasho lililomwagwa kwa ajili ya injini sasa litakufaa wewe.

Hata hivyo nilipima. Nililaza ubao, nikaunyanyua upande wa chini mpaka povu la pima maji likakaa katikati, kisha nikapima pengo. Karibu kote ni sentimita mbili au pungufu. Pa kupandia daraja ni tano kamili, yaani moja kwa ishirini. Zaidi ya hapo, katika viwango vingi vya ujenzi, njia haihesabiwi tena kuwa njia ya kawaida bali mserereko, wenye kudai vishikio na mahali pa kupumzikia. Utapanda bila kusukumwa na mtu.

Kilichonisumbua zaidi ni mwinamo wa pembeni. Watembeao kwa miguu hatuuoni kabisa, lakini wewe ndiwe uliyenieleza jinsi kiti kinavyovutwa upande mmoja, na mkono mmoja ukabaki kufanya kazi ya miwili mpaka bega likawaka. Njia inahitaji mwinamo kidogo, sentimita mbili kwa kila mita, ili maji ya mvua yasituame. Ukizidi hapo ni mateso. Nilipima kila nilipohisi baiskeli inataka kwenda pembeni. Mahali pamoja tu pabaya ni baada ya daraja, penye kona, ambapo mizizi imeinua ukingo. Ni kama hatua thelathini hivi. Tukifika hapo shika katikati, mimi nitatembea upande wa chini.

Nusu ya kwanza ni lami. Baadaye ni mawe yaliyosagwa, na najua ukisoma hapo moyo utashtuka. Si zile kokoto za mviringo zinazokimbia chini ya gurudumu. Haya yana pembe na yamechanganyika na vumbi lake, yakalowanishwa na kushindiliwa mpaka yameshikana kama sakafu. Niliazima kiti nikakaa mwenyewe, nikaenda kilomita nzima. Magurudumu madogo ya mbele hayakuzama hata mara moja. Viganja vyangu vimetoka malengelenge, nawe viganja vyako nimevifikiria sana.

Darajani mbao zimelazwa kukingama na mwendo, ndivyo inavyotakiwa, maana zingelazwa kufuata njia gurudumu jembamba lingeweza kudumbukia. Kidole changu kidogo hakikupenya kati yake. Ila zikilowa huteleza, kwa hiyo siku ya mvua tusiende.

Upana ni mita tatu. Mtu na mwenzake wanakwenda sambamba na baiskeli inapita. Waendesha baiskeli wengi niliowaona walipiga kengele mapema, wakiwa mbali, si nyuma ya sikio. Nilimwona pia mzee mwenye fimbo nyeupe, akifuata mpaka wa lami na majani kwa ncha ya fimbo, akitembea haraka kunizidi. Nilisimama nikamtazama hadi akapotea kwenye kona.

Usiingilie lango la upande wa mtoni. Wameweka vyuma vya kupindapinda kuzuia pikipiki, na vyuma hivyo hivyo vinazuia kiti chako na baiskeli za magurudumu matatu. Nimewaandikia wahusika, nikaeleza vipimo vyote. Nguzo zilizosimikwa wima, zikiachiana mita moja na nusu, zingezuia magari bila kumfungia mtu nje. Lango la juu liko hivyo hasa, na nimekiona mwenyewe kiti kikipita.

Jambo moja nimelihifadhi mpaka mwisho. Mabenchi yana mikono ya kujiinulia, na ubavuni mwa kila moja wameacha sakafu tambarare yenye ukubwa wa kiti cha magurudumu. Yaani utakaa bega kwa bega nami, si mbele yangu katikati ya njia huku watu wakikukwepa. Nilikaa pale kwa muda mrefu, pembeni yangu pakiwa wazi.

Jumamosi ijayo, asubuhi, lango la juu. Chukua glavu zako. Ukiniambia hapana nitaelewa, lakini nijibu mapema, maana futi kamba ningependa safari hii niiache nyumbani.

Wako wa siku zote.