Saruji si dawa ya ukuta wa chokaa

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako mmoja ameisifu nyumba ya kale ya Malindi, Unguja, iliyopigwa plasta ya saruji "ikawa kama mpya". Naomba nafasi nimjibu. Mimi ni mwashi wa huko huko, na uzeeni naishi kwa mwanangu Tucson, Arizona.

Kusini ya mji huu lipo kanisa la San Xavier del Bac, ndani ya ardhi ya Waodham, wenyeji wa asili wa huku. Misheni aliianzisha Padri Eusebio Kino, Mjesuti, mwaka 1692, enzi za Wahispania. Kanisa lililopo ni la 1783 hadi 1797. Wanaotajwa sana ni mapadri Wafransisko, lakini waliopandisha matofali katika jua lile ni Waodham.

Mwashi akiingia mle hutazama juu kwanza. Jangwani boriti ndefu ni adimu, basi paa ni makuba ya matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa chokaa. Minara ni miwili, ila wa mashariki hauna kuba mpaka leo. Visa vinavyosimuliwa ni vingi. Mimi nadhani fedha ziliisha, maana padri alishakopa peso 7,000 kwa mfugaji wa Sonora, jimbo ambalo leo liko Mexico.

Karne iliyopita kuta hizo zikapakwa saruji, kwa nia njema kabisa. Ukuta wa chokaa ukinywa mvua huitoa jua likiwaka. Saruji ikauziba. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakakosa pa kutokea, yakala matofali na kuharibu michoro ya ndani. Tangu miaka ya 1980 mafundi wamekuwa wakiibandua na kurudisha chokaa na mchanga, vikichanganywa na ute wa mpungate. Ndiyo, mpungate ule ule wa miiba! Ute huo huifanya plasta ishike na isinywe maji ovyo. Kazi ya miaka, na ya gharama.

Kuta zetu za Unguja ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, tena zina chumvi ya bahari. Mwenye nyumba ile, masika yakipita, agonge ukuta kwa kifundo cha kidole karibu na sakafu. Ukilia mtupu, saruji imeshaachana na ukuta. Aibandue kabla ya vuli, na amtafute fundi anayejua kuchoma chokaa, bado wapo.

Mwashi mstaafu,
Tucson, Arizona