Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Watoto wa Tabora wapewe mahali pa kutazamia treni za mizigo

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia sisi tuliozishika kwa mikono pointi za reli, yaani mitambo ya kugeuza treni kutoka njia moja kwenda nyingine.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilipokamilika mwaka 1928, Tabora ikawa njia panda, na watoto hawajaacha kuja kuhesabu mabehewa. Tunaomba wasifukuzwe, ila wasikae walipozoea kukaa, jirani na pointi.

Pointi ya mkono ina ndimi mbili za chuma zinazoteleza juu ya vibao vya chuma. Ukiulaza mkono wenye uzito, yaani wenzo wa kuigeuzia, ulimi mmoja hubana reli, wa pili huachia. Mtoto akiacha kokoto katikati, hata ya ukubwa wa punje ya karanga, ulimi haubani sawasawa. Mkono wenyewe unaweza kuonekana umelala vizuri, kwa kuwa fito zinazouunganisha na ndimi hupinda kidogo. Treni ikitokea upande wa ncha za ndimi, ukingo wa gurudumu hupenya kwenye uwazi ule: magurudumu ya mbele yanashika njia ya Kigoma, ya nyuma ya Mwanza, na behewa linaacha reli.

Ndiyo maana mshika pointi hufagia kwanza, hulaza mkono, huinama kuikagua ncha, hufunga kufuli, ndipo anainua bendera ya kijani. Kule kuinama ndiko kunakorukwa treni ikiwa imechelewa, na hapo ndipo kokoto hupita bila kuonekana. Kiangazi nacho kina yake: vumbi letu likichanganyika na grisi huwa tope zito, ulimi unakwama njiani. Vibao vifutwe kwa kitambaa chenye dizeli, kisha vipakwe mafuta mepesi. Kupaka mafuta mapya juu ya uchafu wa zamani ni kuuongeza tu.

Kwa hiyo tunaomba uzio na benchi chini ya mwembe, angalau mita 10 kutoka reli ya pembeni. Ndani ya uzio iwekwe pointi moja ya zamani, nzima, isiyounganishwa na njia yoyote, ikiwa na mkono, uzito na kufuli lake. Watoto waigeuze wakiwa na msimamizi, miguu ikiwa mbali na uzito unapoangukia. Waweke kokoto kwenye ulimi, wainame, wauone ule uwazi kwa macho yao.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Wastaafu wa reli, Tabora