Brooklyn walikosea mara mbili, tusiwashauri wengine wafuate

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo ofisini. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti likifika naanzia kurasa za michezo, hayo mengine baadaye. Wiki iliyopita mwandishi wenu aliandika kuhusu NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, akasema timu inayojijenga upya ikisikia supastaa yuko sokoni isizubae, itoe chochote inachoombwa imchukue, kwa sababu kijana ni bahati nasibu na staa ni uhakika. Akatoa mfano wa Boston walivyomchukua Kevin Garnett 2007 na msimu huohuo wakabeba ubingwa. Nimeisoma ile makala mara mbili, mara ya pili nilimsomea mwanangu kwa sauti, na kwa kweli imeniuma, maana mfano wenyewe ni wa kweli lakini ameukatia katikati. Garnett yuleyule alihamishwa tena 2013, safari hii akitoka Boston kwenda Brooklyn, na hiyo nusu ya pili ndo ilitakiwa iandikwe.

Kwanza wasomaji wenzangu tuelewane kitu kimoja, usajili wa NBA sio kama wa Simba na Yanga. Huku kwetu dirisha likifunguliwa tajiri anaweka hela mezani, mchezaji anakuja, na wale uliokuwa nao wanaweza kubaki. Kule kuna ukomo wa mishahara, kwaiyo staa akiwa na mkataba timu yake haitaki hela yako, inataka vijana wako na inataka nafasi zako za drafti za miaka ijayo. Drafti ndo ule utaratibu wa kila mwaka wa kugawana vijana wapya, na timu zilizofanya vibaya ndo zinapewa nafasi kubwa ya kuchagua mwanzo. Yani ukiwa mbovu mwaka huu unapewa pole mwaka ujao. Sasa ukishatoa nafasi zako halafu ukawa mbovu, pole anapewa mwingine na wewe unabaki na ubovu wako mtupu.

Turudi Boston. Msimu wa 2006-07 walishinda mechi 24 wakapoteza 58, kuna kipindi walifungwa 18 mfululizo. Walikuwa wanaomba Mungu wapate nafasi ya kwanza au ya pili wachukue Greg Oden au Kevin Durant, kura ikawatupa nafasi ya tano. Ile ya tano wakaipeleka Seattle akaja Ray Allen, halafu Al Jefferson na wenzake wanne pamoja na nafasi mbili za drafti wakaenda Minnesota akaja Garnett. Lakini angalia nani alikuwepo nyumbani tayari, alikuwepo Paul Pierce, alikuwepo Rajon Rondo kijana mdogo ambaye hawakumtoa, na Garnett mwenyewe alikuwa na miaka 31, bado ana mguu. Wakashinda mechi 66, na Juni 2008 wakawamaliza Lakers 131 kwa 92. Neno lao wakikusanyika kabla ya kuingia uwanjani lilikuwa ubuntu, ambao ndo utu huuhuu tunaousema sisi, na mimi nilivyosikia wale jamaa wa Boston wanalitamka nilijisikia raha sana, nakumbuka mpaka leo.

Haya, 2013. Brooklyn ndo kwanza wamehama New Jersey mwaka mmoja nyuma, uwanja mpya, mwenye timu Mikhail Prokhorov tajiri wa Urusi, anataka kombe haraka. Usiku wa drafti, Juni 27, wakakubaliana na Boston, Garnett na Pierce waje Brooklyn, na Boston wapewe nafasi za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018, na juu yake haki ya kubadilishana nafasi ya 2017, yani ya Brooklyn ikiwa nzuri zaidi Boston wanaichukua na kuwaachia ya kwao. Garnett sasa ana miaka 37, Pierce 35. Usiku huohuo Milwaukee walichagua kijana mwembamba kutoka Ugiriki, wazazi wake Wanigeria, nafasi ya 15, watu wengi hawakuweza hata kulitamka jina, Giannis Antetokounmpo. Huyo tutamkuta mbele.

Brooklyn walipata nini? Ushindi 44, wakatolewa na Miami raundi ya pili ya mchujo wa kutafuta bingwa, wakalipa kodi ya mishahara, ile faini ya kupitisha kiwango, karibu dola milioni 90, Pierce akaondoka baada ya msimu mmoja na Garnett katikati ya wa pili. Basi. Msimu wa 2015-16 wakashinda mechi 21, uliofuata 20, wakawa wa mwisho ligi nzima, na zile nafasi za juu walizozipata kwa kufungwa kwao zikaenda Boston. Ya 2016 ikawa Jaylen Brown. Ya 2017 ikawa namba moja kabisa, Boston wakaibadilisha na ya namba tatu, wakamchukua Jayson Tatum na wakapata nafasi nyingine juu. Hao wawili ndo wamewapa Boston ubingwa wa 2024.

Najua mwandishi wenu atasema Brooklyn ya 2013 haikuwa inajijenga, ilikuwa na mastaa kina Deron Williams na Joe Johnson. Sawa, nakubali. Ndo maana naomba tutazame mara ya pili, maana mara ya pili walikuwa wanajijenga hasa, na walikuwa wanajijenga vizuri kuliko timu yoyote niliyowahi kuifuatilia.

Sean Marks alichukua umeneja 2016 hana drafti, hana wachezaji, kocha akamleta Kenny Atkinson. Wakaokota waliotupwa na wengine. Spencer Dinwiddie alitoka ligi ya chini, Joe Harris alikuwa hana timu, Caris LeVert walimpata nafasi ya 20 akiwa na historia ya mguu kuvunjika, Jarrett Allen nafasi ya 22. D'Angelo Russell alikuja kutoka Lakers ambao walishamchoka. Msimu wa 2018-19 hao watu wakashinda mechi 42 wakaingia mchujo, Russell akawa ol staa, yani akaingia kikosi cha nyota wa ligi, na benchi lao lilikuwa linacheza na kuimba mechi nzima, ukiangalia unaona kabisa hawa wanapendana. Mimi si shabiki wa Brooklyn lakini mwaka ule niliamka usiku kwa ajili yao.

Kiangazi cha 2019 wakaja Kevin Durant na Kyrie Irving. Walikuja kwa sababu pale pameshajengwa, na kwa hapo siwalaumu, ingawa Russell alipelekwa Golden State kwenye mpango huohuo na Durant msimu mzima wa kwanza alikuwa anauguza kano ya kisigino. Kosa ni Januari 2021, walipoona mastaa wawili hawatoshi wakamfuata James Harden. LeVert akaondoka, Allen akaondoka, nafasi tatu za drafti zikaenda Houston na haki za kubadilishana nne juu yake. Mara ya pili ndani ya miaka minane! Allen mwaka uliofuata akawa ol staa huko Cleveland.

Wale watatu, Durant, Irving na Harden, walicheza pamoja mechi 16 tu. Kumi na sita, mchujo ukiwemo.

Mechi ya saba ya mchujo wa 2021, na Milwaukee, niliiangalia kwenye simu, nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, bando limebaki kidogo, mke wangu kalala na huku kunapambazuka. Irving kaumia kifundo hachezi, Harden anacheza na paja linalouma. Durant kacheza dakika zote. Sekunde zinaisha wako nyuma kwa mbili, anageuka na mpira mkononi, P.J. Tucker wa Milwaukee kamganda, anarusha, unaingia. Niliinuka nikijua ni pointi tatu na mechi imeisha. Marefa wakasogea, picha ikarudiwa, ncha ya kiatu ipo juu ya mstari, pointi mbili, 109 kwa 109. Muda wa nyongeza Brooklyn nzima ilipata pointi mbili tu, Durant kachoka mpaka mpira wake wa mwisho haukugusa hata ringi. Wakafungwa 115 kwa 111. Upande wa pili Giannis alikuwa na pointi 40, yule kijana wa nafasi ya 15, na Milwaukee ndo wakabeba kombe mwaka ule.

Watu wanasema ni kidole cha mguu tu kiliwanyima. Mi nasema waangalie benchi. Wale waliokuwa wanaimba 2019 wengi walishaondoka, na mastaa wawili walipoumia hapakuwa na mtu wa kumpokea Durant mzigo.

Msimu uliofuata Irving akakosa mechi nyingi kwa mambo ya chanjo ya korona, Harden akaomba kuondoka akapelekwa Philadelphia, na kwenye mchujo wakakutana na Boston. Mechi ya kwanza, Aprili 2022, sekunde ya mwisho Tatum akapokea pasi chini ya goli, akageuka, akauweka mpira, 115 kwa 114. Tatum ambaye ametokana na nafasi yao wenyewe. Wakatolewa 4 kwa 0. Februari 2023 Irving na Durant wote wameshaondoka, na Juni 2024 Brooklyn ikabidi watoe nafasi walizopewa na Phoenix kwa ajili ya Durant ili warudishiwe za kwao zilizokuwa Houston. Fikiria unauza kitanda ili ukomboe godoro.

Sasa nisiwe mtu wa upande mmoja. Drafti nayo inakataa, na sisi Watanzania tunalijua hilo kuliko wengi. 2009 Memphis walikuwa wanajijenga, wamemaliza na ushindi 24, nafasi ya pili wakamchukua Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar, Mtanzania wa kwanza kufika NBA, na nyuma yake nafasi ya tatu ndo alichukuliwa huyohuyo Harden. Haikwenda kama tulivyoomba, na mimi sitasahau furaha ya siku ile na sitaki mtu amdharau Hasheem mbele yangu. Lakini angalia Memphis hawakufa. Walikuwa na Mike Conley, walikuwa na Marc Gasol, kiangazi kilekile wakamleta Zach Randolph kwa bei ndogo kabisa kwa sababu wengine walimwona msumbufu, na 2011 wakaingia mchujo wakiwa wa nane upande wa Magharibi wakawatoa San Antonio waliokuwa wa kwanza upande huo. Ukiwa na mbegu nyingi, moja ikikataa kuota bado unavuna.

Na Oklahoma City ndo walifanya kinyume kabisa cha anachoshauri mwandishi wenu. 2019 Paul George alitaka kuondoka, meneja wao Sam Presti hakukimbilia staa mwingine, akamtoa kwa Clippers akapewa Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari na nafasi tano za drafti. Msimu wa 2020-21 wakashinda mechi 22, uliofuata 24, Desemba 2021 wakafungwa na Memphis kwa tofauti ya pointi 73, hakuna timu NBA imewahi kufungwa vile. Hawakutikisika. Moja ya zile nafasi za Clippers ikawa Jalen Williams, nafasi ya 12. Juni 2025 wakawa mabingwa, wameshinda mechi 68 za msimu, na supastaa wanaye, Shai ndo alikuwa MVP, yani mchezaji bora wa msimu ule, ila amekulia humohumo.

Hili jambo linanigusa kwa sababu nimeliona na hapa nyumbani. Kuna timu ya kikapu ya mkoani nilikuwa nasaidia mazoezi, jina nalihifadhi. Tulikuwa na vijana kumi na mmoja, mmoja alikuwa anawahi kila mvua ikinyesha anasukuma maji kwenye simenti na fagio la mpira ili wenzake wakifika pakauke. Viongozi wakaambiwa kuna senta, mchezaji wa chini ya goli, mrefu wa jijini anapatikana, wakamleta, nauli ya vijana ikawa kodi ya chumba chake. Alicheza mechi saba akaondoka. Vijana watano hawakurudi, na yule wa fagio sasa hivi yuko timu pinzani, mwaka jana ametufunga pointi 22.

Kwaiyo mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii namwomba kama kaka aanze na maswali haya kabla ya jina la staa: ana miaka mingapi, akifika atamkuta nani, na siku akiumia nani ataingia. Na muweke hata nusu ukurasa mueleze drafti inavyofanya kazi, maana mwanangu ana miaka 14 na alipomaliza kunisikiliza aliniuliza swali moja tu, kwamba hao Brooklyn walipokuwa wa mwisho miaka yote ile walikuwa wanafungwa kwa ajili ya nani. Nilimjibu Boston, akanibishia mpaka nikamchorea kwenye daftari.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpenzi wa kikapu,
Mwanza