Mahojiano 12 yanamtosha mwanafunzi, fomula ya Yamane aiweke kando

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo linalowahusu wanafunzi wa chuo wa mwaka wa tatu wanaofanya utafiti na wasimamizi wao. Linawahusu pia wasomaji wako wengi ambao kila mwaka hufuatwa sokoni au kijiweni na kijana mwenye karatasi mkononi anayeanza kwa kusema, "Samahani mama, niko kwenye utafiti."

Utafiti ambao wengi wa vijana hao huanza nao ni wa kitaamuli, yaani ule wa kuwasikiliza watu wachache kwa kina na kuchambua maneno yao, tofauti na wa kitakwimu unaohesabu majibu ya watu wengi. Kwa kuwa hauna hesabu, unadhaniwa mwepesi. Tunaosimamia tafiti hizi tunajua kwamba huharibika mapema sana, tena mara nyingi kosa la kwanza si la mwanafunzi.

Kosa hilo ni fomula. Tuchukue mada ya kawaida: mama lishe wa soko moja wanavyoishi na wateja wanaokula kwa mkopo. Mwanafunzi anaandika kwamba atafanya mahojiano ya kina. Anarudishiwa andiko lake la utafiti na kuulizwa sampuli, yaani idadi ya watu atakaowahoji, ameipataje, basi anakimbilia fomula ya Yamane. Soko lina mama lishe 400, kiwango cha makosa ni 0.05, jibu linatoka watu 200. Fomula ile inafaa kwa kazi yake, nayo ni kukadiria ukubwa wa sampuli ya dodoso, yaani karatasi ya maswali mafupi yale yale kwa watu wengi. Kwa mahojiano ya kina haina kazi. Watu 200 kwa dakika 45 kila mmoja ni saa 150 za sauti. Saa moja ya sauti humchukua anayeanza saa tano hivi kuinukuu kwenye maandishi, na zaidi kama nyuma kuna spika ya muuza dawa za panya. Hizo ni saa 750, sawa na siku 94 za kazi za saa nane, kabla hajachambua sentensi moja. Mwanafunzi mwenyewe ana wiki nne au sita. Atafanya nini? Atageuza mahojiano kuwa dodoso la dakika tano, au atapika data.

Mwaka 2006 watafiti Guest, Bunce na Johnson walilipima suala hili kwa mahojiano ya wanawake 60 wa Ghana na Nigeria. Katika mahojiano ya Ghana, sita ya kwanza yalikuwa yameshatoa asilimia 73 ya misimbo yote, yaani majina mafupi ambayo mtafiti huyapa mambo yanayotajwa na wahojiwa, na yalipofika 12 ikawa asilimia 92. Hilo haligeuki sheria, maana wanawake wale walifanana kwa mengi na waliulizwa maswali yale yale. Kwa mwanafunzi mwenye mada nyembamba na kundi moja la watu, hata hivyo, ni pa kuanzia pazuri. Mahojiano 12 ya dakika 45 ni saa tisa za sauti na saa 45 za kunukuu, kazi ya siku sita hivi. Muda unaobaki ni wa kufikiri.

Hao 12 wasiokotwe tu. Wanne wawe na banda lao, wanne wawe wanaolipia eneo kwa siku, na wanne wawe wapya wasiomaliza mwaka, kwa sababu deni la mteja halimuumi kila mmoja kwa namna moja. Hapa kuna mtego wa viongozi wa mtaa. Barua ya utafiti hushuka kutoka mkoani au wilayani hadi kwa mtendaji wa kata na wa mtaa, na heshima inataka mwanafunzi ajitambulishe huko kwanza. Lakini mwenyekiti akimpeleka mwenyewe kwa "watu wanaojua kujieleza", sampuli yote inakuwa ya watu wa mwenyekiti, na akikaa pembeni kusikiliza, hakuna atakayesema kitu kuhusu ushuru. Amshukuru, amwombe amtambulishe kwa uongozi wa soko tu, kisha siku inayofuata arudi peke yake.

Sasa maswali, na hapa ndipo tungependa kukaa. Mwongozo wa maswali huandikwa kwanza kwa Kiingereza kwa sababu ripoti ni ya Kiingereza, kisha hutafsiriwa usiku wa kuamkia safari. Kinachotoka ni hiki: "Je, ni changamoto zipi unazokumbana nazo katika utoaji wa huduma kwa mkopo?" Hakuna mama lishe anayezungumza hivyo. Tena neno "changamoto" lina ubaya wake wa pekee. Watu wamelisikia kwenye semina na mikutano miaka mingi hata jibu lake limeshakaririwa: mtaji, elimu, miundombinu. Mwanafunzi atajaza kurasa kumi za mtaji na elimu, asijue kwamba amenukuu semina, si mtu.

Liulizwe tukio. "Mara ya mwisho mteja kula bila kulipa ilikuwa lini? Ilikuwaje?" Mtu akianza kusimulia siku moja, Jumanne fulani, fundi ujenzi fulani, anataja mwenyewe vitu ambavyo hakuna mwongozo ungevifikia: kwamba wa kumkopesha anajulikana kwa viatu vyake, kwamba nyama haikopeshwi ila maharage yanakopeshwa, kwamba mwisho wa wiki bosi wa saiti hulipa kwa pamoja. Halafu aombwe alionyeshe daftari la madeni, kama anaridhia. Daftari moja lina mengi: nani ameandikwa kwa jina, nani kwa "mrefu wa gereji", deni gani limekatwa kwa mstari na lipi limeachwa miezi. Mwanafunzi asilipige picha, kwa sababu majina ya humo ni ya watu ambao hawakumpa ridhaa.

Maswali makuu saba au manane yanatosha. Kazi kubwa hufanywa na maswali dodosi, yale mafupi ya kufuatilia, na wanaoanza huyasahau kwa sababu macho yao yako kwenye karatasi. Kiswahili chetu kina majibu ya adabu yanayofunga mlango: "kawaida tu", "tunamshukuru Mungu", "ndiyo maisha", "tunasukuma siku". Kijana anaandika na kuhamia swali la nne, ilhali hapo ndipo pa kusimama. "Kusukuma siku ndiyo vipi, mama? Jana ulisukumaje?" Kisha anyamaze. Kimya cha sekunde tano kwa anayeanza ni kirefu kama foleni ya Ubungo, lakini mtu mzima akiachiwa nafasi hujaza mwenyewe, na anachojaza ndicho kilichofuatwa.

Maswali ya kuelekeza nayo ni ugonjwa. "Huoni kwamba mikopo inarudisha nyuma biashara yako?" ataitikiwa ndiyo na watu wote 12, kwa sababu kumkatalia mgeni usoni si adabu. Dawa ni mahojiano mawili ya majaribio kabla ya kazi yenyewe, na msimamizi asikilize sauti, asiishie kusoma mwongozo. Dakika kumi za sauti zinaonyesha nani anazungumza zaidi. Mwanafunzi akiwa ndiye mwenye maneno mengi, hajawa tayari.

Saa ya kwenda ina uzito kuliko vitabu vinavyokiri. Anayemfuata mama lishe saa sita mchana anajitafutia "ndiyo" na "hapana". Aende kati ya saa nne kasoro na saa tano, chai ikiwa imeisha na wali haujaanza kupakuliwa, au baada ya saa tisa wakati wa kuosha vyombo. Simu ya kurekodia aiweke kwenye hali ya ndege, maana simu ikiingia katikati baadhi ya programu hukata kurekodi kimyakimya. Ailaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza tupu inayopokea kila kishindo cha sufuria, karibu na msemaji na mbali na feni. Arekodi nusu dakika, asikilize, ndipo aendelee. Faili lipewe msimbo, kwa mfano ML03 na tarehe, na orodha inayounganisha msimbo na mtu ikae mahali pengine. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, uangalifu huu si hiari ya mtu tena, na kurusha sauti za watu kwenye kundi la WhatsApp la darasa "ili tusaidiane kunukuu" ni kosa hata kama nia ni njema.

Fomu ya ridhaa inahitaji huruma. Ukurasa mzima wa maneno ya kisheria na nafasi ya sahihi chini humkumbusha mtu mkataba wa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza, na wengi wakiambiwa wasaini huwaza wamedhaminishwa. Katika utafiti usio na hatari kubwa, mwanafunzi anaweza kuomba tangu kwenye andiko lake kwamba ridhaa itolewe kwa mdomo na kurekodiwa. Aeleze mambo matano kwa lugha ya kawaida: yeye ni nani, anataka nini, itachukua muda gani, jina halitaandikwa, na mtu anaweza kuacha wakati wowote. Aseme pia waziwazi kwamba hatoki halmashauri wala TRA, na kwamba hana mradi wala mkopo wa kuleta. Ahadi ya uongo ya "mtasaidiwa" hutapeli wahojiwa na humharibia mtafiti atakayekuja mwakani.

Kunukuu kuanze jioni ile ile, mahojiano ya kwanza yanukuliwe kabla ya ya tatu kufanyika, kwa sababu ukisikiliza mwenyewe unagundua swali gani halifanyi kazi na unalibadili mapema. Dakika 45 hutoa maneno kati ya 4,000 na 6,000. Aandike kilichosemwa, pamoja na "yaani" na "eti" na kicheko. Na uchambuzi aufanye kwenye Kiswahili, atafsiri tu nukuu zitakazoingia kwenye ripoti, huku maneno ya asili yakikaa juu na tafsiri chini yake. Vyuo vinavyokataa nukuu za Kiswahili katika ripoti tunaviomba vifikiri upya. "Nilimkaushia" halihusu kukausha kitu, ni kumpuuza mtu kwa makusudi ili ujumbe umfike. Na mama lishe akisema mchele wake ni wa mali kauli, amefungua mlango mkubwa kuliko mada yenyewe: anayekopesha sahani anadaiwa gunia dukani kwa ahadi ya mdomo. Neno hilo likishatafsiriwa kuwa "mkopo" tu, uhusiano ule umezikwa, na mtahini hataujua kamwe.

Kwenye uchambuzi tutaje makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni dhamira, yaani hoja kuu za ripoti, ambazo ni maswali yaliyogeuzwa vichwa vya habari. Uliuliza sababu za kukopesha, na dhamira yako inaitwa "Sababu za kukopesha". Hiyo ni droo ya kuhifadhia, haisemi kitu. Dhamira ni dai, kama hili: mkopo wa chakula ni njia ya kumfunga mteja asihamie banda la jirani. Asome maandishi yote mara mbili, aweke misimbo pembeni, ikifika 40 au 50 aanze kuikusanya kwa ukaribu wake, na abaki na dhamira nne au tano. Kalamu za rangi au jedwali la kompyuta vinatosha, programu ya kulipia haihitajiki kwa mahojiano 12. Kosa la pili ni kuandika kwamba "asilimia 58.3 ya watafitiwa walisema". Hao ni watu saba kati ya 12. Aseme saba kati ya 12, kisha atueleze wale watano walisema nini, maana mara nyingi wao ndio wenye habari.

Wasimamizi wenzetu, data zilizopikwa zinaonekana. Nukuu zote zina urefu mmoja, zina sarufi safi kama taarifa ya habari, hakuna anayejipinga, hakuna anayekatizwa na mteja anayedai chumvi. Siku hizi kompyuta huzitunga kwa dakika moja. Badala ya kuishia kufoka, msimamizi adai sauti ya mahojiano mawili na daftari la uwanjani lenye tarehe na saa, na adai hivyo tangu wiki ya kwanza. Akijua kwamba watu 12 wanakubalika, mwanafunzi hana tena sababu ya kutunga wengine 188 ili wafike 200.

Kabla ya kukabidhi ripoti, mwanafunzi aandike nusu ukurasa wa Kiswahili wa alichokiona, arudi sokoni saa nne asubuhi, awasomee watatu au wanne kati ya aliowahoji na kuwauliza wapi amekosea. Masahihisho yao yaingie kwenye ripoti, na tarehe yake iandikwe.

Wasimamizi wa tafiti za wanafunzi,
Dar es Salaam