Zoezi la wiki hii: kuomba msamaha

Bwana asifiwe, wapendwa. Alhamisi tunakutana Manyatta saa kumi na moja jioni, kama kawaida. Kabla ya hapo, kila mmoja amwendee mtu mmoja aliyemkosea.

Taja kosa lenyewe: "Nilikusema vibaya mbele ya wateja wako." Usiseme "kama nilikukwaza, pole", kauli hiyo inamwachia yeye kazi ya kuthibitisha kwamba aliumia. Sababu zako pia ziache nyumbani, maana ukianza kujieleza utaishia kujitetea.

Halafu rekebisha. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19:8, aliahidi kumrudishia mara nne yeyote aliyemdhulumu. Ulimharibia mtu jina sokoni? Lisafishe palepale sokoni, mbele ya waliokusikia, si kwa simu usiku. Deni la samaki lilipwe, hata kidogo kidogo, na tarehe itajwe.

Wengi huharibu mwishoni kwa kudai, "Basi umenisamehe?" Tafadhali msimharakishe mtu. Mathayo 5:24 inatutuma tukapatane kwanza ndipo tutoe sadaka. Haitupi haki ya kudai jibu siku hiyohiyo.

Kama mtu huyo aliwahi kukupiga au kukutishia, usiende peke yako. Niandikie kando kwanza, tupange nani atakusindikiza.