Mchaichai hautibu malaria jamani

Mhariri salaam,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma. Siku hizi kwenye magrupu ya watsapu kila asubuhi unakuta ujumbe umesambazwa, chemsha mchaichai kunywa siku saba unatibu malaria, presha, sukari mpaka kansa, na watu wanaamini kabisa.

Mimi mchaichai nimekua nao. Kwetu Muheza unapandwa nyuma ya jiko pale panapomwagwa maji ya vyombo, jirani akitaka unamng'olea kichipukizi na mizizi yake anaenda kupanda. Bibi alikuwa anakata majani matatu manne, taratibu manake yanachana vidole, anayaosha, anayapiga fundo, maji yakishachemka anayatumbukiza pamoja na tangawizi ya kuponda halafu anafunika palepale, alikuwa anasema ukiacha wazi harufu yote inaondoka na mvuke. Lile shina jeupe la chini nalo halitupwi, mi nalipondaponda natia kwenye mchuzi wa samaki wa nazi, nalitoa wakati wa kupakua, yaani mchuzi unanukia kama umekamuliwa limau na hauna ukali wa limau.

Na kwa dawa bibi alitumia ndio. Mafua, anachemsha na majani ya mpera na mkaratusi tunajifukiza, tumbo likijaa gesi unapewa kikombe cha moto bila sukari. Basi. Homa ikipanda usiku, asubuhi tuko zahanati.

Mwaka jana mimi nikafanya kinyume. Mwanangu wa miaka sita alishikwa na homa nikampa mchaichai siku tatu, jasho linamtoka, joto linashuka kidogo, naona huyu anapona, kumbe siku ya nne degedege. Zahanati wakamtoboa kidole, haikufika nusu saa wakaniambia ni malaria na imeshakuwa kali, tukakimbizwa hospitali akachomwa sindano. Alhamdulillah mzima, lakini zile siku tatu nilizipoteza mimi mama yake.

Najua kuna watakaosema hata dawa za hospitali zinatokana na majani. Kweli kabisa, ndani ya dawa mseto ya malaria kuna kitu kilichotokana na mmea wa pakanga, mama mmoja wa China anaitwa Tu Youyou alipewa tuzo ya Nobel 2015 kwa kukigundua, lakini kile kilitolewa kwenye jani kikajaribiwa, kikapimwa, inajulikana mtoto wa kilo fulani anameza vidonge vingapi. Kikombe changu cha mchaichai nani alikipima?

Ombi langu kwenu mhariri, mkiandika habari za tiba asili muweke na mstari mmoja tu kwamba mtoto akiwa na homa apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, chai ya mchaichai atainywa akirudi.

Mama wa watoto watatu,
Muheza, Tanga